Mkanda Wenye Jina Langu

Jumatatu, 4 Machi
Siku kubwa! Baba mkwe ametangaza kwamba mgongo umemshinda, haendi tena majini. Jumamosi boti lake litatolewa majini lipakwe rangi, na mkwe atakayelipandisha vizuri ndiye atakayekabidhiwa funguo. Wakwe tuko wawili: mimi, na mwanyumba wangu aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Kila mtu ana trela lake na winchi yake ya kuvutia boti. Akili ninayo mimi. Nikaomba nianze, maana nilioa kwanza. Nimekubaliwa.

Jumanne, 5 Machi
Nimekagua winchi. Waya umeliwa na kutu, nyuzi zimechomoza, moja imenichoma kiganja. Mke wangu akasema alinionya tangu mwaka jana. Mimi nilikuwa nanyonya damu.

Dukani, muuza vipuri akaanza mahubiri. Eti waya ni imara, ila ukikatika unarudi kwa hasira na kumchapa mtu. Mkanda wa nailoni ni mlaini mkononi, ila hautaki jua kali, hautaki fundo, hautaki kutobolewa. Nikamwambia mimi si mtoto. Nimechukua mkanda. Mwekundu! Unaweza kuvuta maboti mawili kama la baba mkwe. Nimetembea nao begani hadi nyumbani kwa njia ndefu.

Jumatano, 6 Machi
Nimepita kwa mwanyumba kupeleleza. Nimemkuta anasuuza mkanda wake kwa maji ya bomba, anautoa mchanga kwa vidole, anauanika kivulini. Kisha akauviringisha na kuutia kwenye foronya! Watoto wake wanalalia mito mitupu, mkanda una foronya. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye akasema tu, kitunze kikutunze.

Mkanda wenyewe mweusi, hauna hata alama. Ukianguka barabarani nani atajua ni wa nani? Hapo ndipo wazo likanijia. Wazo kubwa. Sipati usingizi kwa furaha.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeupeleka mkanda kwa fundi cherehani. Nimemwagiza atarizi katikati, kwa uzi wa dhahabu, herufi nene: KAPTENI MWENYEWE. Akauliza ashone mara moja au mara mbili. Nikasema mara tatu, jina langu si la kubanduka. Sindano ikalia tata-ta-ta mpaka adhuhuri. Lo! Nimeona vitu vizuri maishani, ukiwemo uso wa mke wangu, lakini mkanda ule!

Ijumaa, 8 Machi
Nimeutundika getini juani tangu asubuhi, wapita njia wasome. Wengi wamesoma. Mama muuza mboga akauliza kapteni ni nani. Nikamwonyesha. Akaangalia nyuma yangu, pengine kuna mwingine.

Mke wangu akauliza muuza vipuri alisema nini kuhusu kutoboa. Nikamwambia yule bwana alisema mengi.

Jumamosi, 9 Machi
Naandika kwa shida. Ukoo mzima ulikuja ufuoni. Baba mkwe akakataa kushuka, akaketi mbele ya boti na kofia yake mpya. Nikafunga ndoano, nikaanza kuzungusha. Boti likapanda! Jina langu likawa linanijia polepole huku likimeta, na mimi, nakiri, niliangalia waliokuwa wakiangalia.

Kisha tap! Mkanda ukachanika palepale kwenye herufi, ukafuata matundu ya sindano. KAPTENI akabaki kwenye winchi. MWENYEWE akarudi majini na boti, na baba mkwe, na kofia. Mzee hakuumia, Mungu ni mwema. Kofia haijaonekana.

Mwanyumba akaleta trela lake. Akatoa mkanda kwenye foronya, akazungusha bila haraka, boti likapanda likatulia. Baba mkwe akampa funguo mbele ya watu wote. Nimeumia. Nilizitaka zile funguo kuliko nilivyowahi kuonyesha. Mke wangu hakusema, "Nilikuonya." Alinikanda mabega tu, na hilo ndilo lililonitoa machozi.

Jumapili, 10 Machi
Nimetafakari. Kosa ni la uzi. Ulikuwa mwembamba.

Mchana mwanyumba amekuja, kumbe ana utu. Akasema boti ni la familia, Jumamosi ijayo tutalishusha pamoja na baba mkwe ataketi mbele kama kawaida yake. Akanikabidhi mkanda wake niusuuze, niuanike kivulini, niurudishe kwenye foronya. Ameniamini! Nimeusuuza kama mtoto mchanga. Nimetoa mchanga wote. Jua halikuugusa.

Halafu nikautazama. Mweusi, mtupu, hauna hata neno moja la shukrani. Moyo ukanisukuma. Nimeupeleka kwa fundi cherehani nyumbani kwake, nikamtoa mezani. Safari hii sifanyi uzembe: uzi wa kushonea viatu na sindano yake nene, kila herufi mara tano. WANYUMBA WAWILI BOTI MOJA. Utakuwa tayari Ijumaa jioni, ndani ya foronya, mwanyumba asijue mpaka siku yenyewe.

Baba mkwe nimeshamnunulia kofia nyingine.