Idara Yakomesha Kuchemsha kwa Injini

Kuanzia saa mbili kamili asubuhi ya Jumatatu, injini zote za magari ya idara zilipigwa marufuku kuchemsha.

Mkurugenzi alilitangaza hilo mwenyewe, kifua mbele, jua la nje likiwa kali kama mama wa kambo. Fundi wa karakana alikuwa ameomba maji ya rejeta na mikanda ya feni. Ombi lake halikuwa la kimkakati. Mkurugenzi alichunguza kiini cha tatizo, akagundua kwamba kinachowatisha madereva ni ile sehemu nyekundu kwenye geji ya joto. Akaagiza ipakwe kijani. Kijani tupu, mwanzo mpaka mwisho.

Tangu hapo hakuna mshale ulioingia kwenye nyekundu. Waziri alifurahi mno, akaahidi kumpandisha awe Katibu Mkuu. Afike tu ukumbini saa sita, aapishwe.

Siku yenyewe Mkurugenzi alikaa kiti cha nyuma ndani ya suti nzito, AC ikipuliza, akifanya mazoezi ya kushukuru kwa unyenyekevu. Dereva wake, waliyemwita Tutafika kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila swali, leo alikuwa ananusanusa.

"Mzee, tuzime hii AC. Tuwashe hita, ivute joto la injini, halafu tupaki kivulini ipoe."

"Hita? Kwenye jua hili? Umerogwa?"

"Kuna harufu, mzee."

"Mshale uko wapi?"

"Kwenye kijani."

"Sasa?"

"Mzee, kila mahali ni kijani."

"Hayo ndiyo mafanikio, kijana. Kanyaga mafuta."

Mvuke ukafuka kwenye boneti. Mkurugenzi akaamua kuwa ni ukungu. Mbele kidogo gari likakohoa, likatetemeka, likakata roho. Mkurugenzi akashuka mbio kufungua mfuniko wa rejeta.

"Usiguse, mzee! Utabanduka uso!"

"Litaniunguzaje na halijachemsha?" alisema Mkurugenzi, kisha akauficha mkono mfukoni. Uongozi ni busara.

Simu ikalia. Msaidizi wa Waziri.

"Mkurugenzi, ukumbi umejaa! Au gari limechemsha?"

Mkurugenzi akaitazama rejeta ikitema mate. Akisema ndiyo, sifa yote imekwenda na maji.

"Thubutu! Gari zima kabisa."

"Dereva anaumwa?"

"Mzima kama kigongo."

"Barabara imefungwa?"

Lori likapita likipiga honi. "Iko wazi," alisema.

"Kwa hiyo gari zima, dereva mzima, barabara wazi, umeamua tu kumsusia Waziri?"

"La hasha! Mimi..."

"Basi pole. Waziri keshamwapisha aliyekuwa karibu, yule jamaa wa kushika maikrofoni."

"Angalau nitumieni gari la kuvuta."

"La kuvuta gari zima?"

Simu ikakatwa. Mkurugenzi akamgeukia dereva. "Sasa tutarudije?"

"Tutafika, mzee," alisema dereva, akaingia na kushika usukani.

Mkurugenzi akavua koti, akazunguka nyuma, akaanza kuyasukuma mafanikio yake.