Fulana Kumi na Moja

Jumapili, 5 Oktoba

Leo tumekusanywa wote ukumbini. Wote maana yake watu tisini na watatu, pamoja na yule aliyehama wiki iliyopita ambaye bado anahesabiwa. Mkuu wa chuo, Dk. Muhsina, ametangaza kwamba timu ya mpira, iliyokufa miaka sita nyuma, inafufuliwa. Hakueleza ilikufa kwa nini. Amesema wenye chuo wamempa mpaka Disemba. Tukikubaliwa kwenye Rabita ya Michezo ya Vyuo, ile jumuiya ya mashindano, jina letu litaonekana na wanafunzi watakuja. Tusipokubaliwa, tunaunganishwa na kile chuo kikubwa cha watu elfu tano.

Wenzangu wakapiga makofi. Mie nikaifikiria nguzo yangu.

Niieleze nguzo. Iko darasani, safu ya nyuma. Nikikaa nyuma yake mwalimu hanioni. Mwaka mzima sijaulizwa swali hata moja. Chuo kikubwa hakina nguzo. Nnajua kwa sababu Mastura, binti ami yangu, anasoma huko, na anasema kila mwanafunzi lazima asimame azungumze Kiarabu robo saa mbele ya watu mia tatu. Mastura maana yake aliyesitirika. Sijaona mtu asiyesitirika kama yeye. Mie naitwa Mahbuba, mpendwa, na hapa chuoni wanaolijua jina langu ni watatu. Tungebadilishana.

Ukweli wangu ni huu, na nauandika hapa tu: Kiarabu changu ni cha kuokoteza. Nimelelewa Unguja kwa bibi mpaka kidato cha nne, nikasomeshwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Huku Muscat nina miaka miwili. Lakini kwenye fomu ya kujiunga na chuo, palipoulizwa Kiarabu, niliandika: fasaha. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu.

Dk. Muhsina alifungua mafaili kutafuta katibu wa timu, wa kuandikiana na Rabita. Alitaka mtu mwenye Kiarabu fasaha na asiye na maneno mengi. Nimepatikana kwa dakika moja.

Jumanne, 7 Oktoba

Majaribio. Uwanja wetu ni wa kokoto, upo baina ya gereji mbili za Wadi Kabir, na goli moja ni mlango wa ghala la matairi. Wamekuja vijana kumi na watatu. Mmoja alidhani ni foleni ya vitambulisho. Amepangwa beki.

Nahodha amejichagua mwenyewe. Anaitwa Jaifar, mwaka wa pili, njumu zake zinacheza vizuri kuliko yeye. Ameniita Katibu Bubu mbele ya watu. Nimemjibu vikali sana, moyoni. Anataka aione fomu ya Rabita kabla haijakwenda, ati aisahihishe. Nikasema ni siri ya ofisi. Akasema basi na majina ya wachezaji ni siri ya nahodha, hanipi mpaka siku ya mechi.

Nikaenda zangu. Simhitaji.

Jumatano, 8 Oktoba

Namhitaji. Fomu ina kurasa nane, zote Kiarabu, na ukurasa wa mwisho una mistari kumi na moja mitupu inayosubiri majina.

Mama siwezi kumuuliza. Mama atamwambia baba, na baba atanihamishia kwa Mastura kabla hajakwenda kazini, nikaanze na alifu. Simu nimeijaribu. Nimeandika "mlinda lango", ikanipa neno ambalo mlinzi wa jengo letu hapa Al Khuwair ameliandika kwenye kiti chake. Siiamini tena.

Hapo nikamkumbuka mwalimu wangu wa Unguja, aliyetwambia maneno mengi ya Kiswahili yametoka Kiarabuni. Mbona rahisi! Nalichukua neno la Kiswahili, nalirudisha kwao. Tarehe, anuani, idadi, sababu: yamekwenda kama maji. Kufika saa kumi alasiri nimeshamaliza kurasa saba. Sijui watu wanasomea nini lugha miaka yote hiyo.

Imebaki ile mistari. Nimekaa nayo mpaka mama akapita na kapu la nguo, akauliza hizi fulana za mpira zianikwe juani au kivulini. Ni fulana za timu ya zamani, Dk. Muhsina amenipa nizifue. Zimekaa sandukuni miaka sita, na harufu haijatoka. Nadhani sasa najua timu ilikufa kwa nini.

Fulana! Zina namba, moja mpaka kumi na moja. Wachezaji hugombana, huhama, huumwa. Fulana hazihami. Nikaandika kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko wangu bora: Fulana 1, Fulana 2, mpaka Fulana 11. Chini nikatia saini, Mahbuba, katibu. Nikatuma. Jaifar akae na siri yake.

Jumapili, 12 Oktoba

TUMEKUBALIWA.

Barua imetoka kwa Ustadh Salem, mwandishi wa Rabita. Nimeisoma kwa njia yangu. Kuna "qabul", yaani tumekubaliwa. Kuna "farah", yaani wamefurahi. Wamesifu sana "hishma" yetu, yaani heshima. Bila ya shaka ni ule mwandiko. Na tumewekwa kwenye kundi la "sayyidat". Hili nimelifikiria kidogo, kisha likanifungukia. Masayyid! Tumetiwa na watu wa nasaba.

Dk. Muhsina yuko Salalah kwa mkutano, nikampelekea ujumbe kwamba tumo. Akaamuru bango lichapwe leo leo. Jaifar nikamwambia kwa mdomo, lakini barua sikumwonesha. Aliposikia yuko kundi la masayyid akaanza kutembea taratibu. Jioni amenisalimia kwa jina. Sasa wanaolijua ni wanne.

Mastura ameshasikia. Amenitumia sauti: "Wee Mahbuba, nnasikia chuo chenu kinacheza mpira. Watu wa kujaza uwanja mnao, au na refa mmemwandikisha masomo?" Nimemwandalia jibu, lakini limefika ukurasa wa pili na bado halijawa kali.

Jumanne, 14 Oktoba

Siku mbaya. Naiandika upesi.

Ustadh Salem amekuja kuukagua uwanja. Mtu mpole, kanzu nyeupe ya dishdasha, faili kwapani. Jaifar na wenzake walikuwa wamejipanga, fulana zimepigwa pasi na mama. Ustadh akawapa mkono mmoja mmoja, akawashukuru kwa kuja kuwaunga mkono dada zao, kisha akauliza wachezaji wako wapi. Jaifar akasema ndio sisi. Ustadh akalitazama faili. Akazitazama ndevu za Jaifar. Akalirudia faili. Akasoma kwa sauti, polepole, kama mwalimu anayeita mahudhurio:

"Fulana wa kwanza. Fulana wa pili. Fulana wa tatu."

Wachezaji wakazitazama fulana zao.

Kwa Kiarabu, nimekuja kujua leo, fulani akiwa mwanamke huitwa fulana. Mie nilikuwa nimeandikisha wanawake kumi na mmoja wasiotajwa majina. Hishma si heshima, ni staha: Rabita nzima imeguswa na chuo kinachowasitiri mabinti zake namna hii. Na sayyidat si masayyid. Ni mabibi. Tumo kwenye kombe la wanawake, ambalo lilikuwa na timu tatu tu na limekwama likisubiri ya nne.

Jaifar alizivua njumu, akazifunga kamba, akazitundika shingoni na kuondoka pekupeku juu ya kokoto. Nilitegemea nitamwonea huruma. Nimeingoja huruma mpaka Magharibi, haikuja.

Kisha Dk. Muhsina akaniita ofisini. Sikujua kama anasema Kiswahili. Kumbe kazaliwa Bujumbura. Akaufunga mlango.

"Mahbuba mwanangu, hiki Kiarabu chako umekisomea wapi?"

Nikalitazama zulia. Nikasema Unguja.

Nikahesabu maua ya zulia, kumi na manne. Akasema bango limeshatundikwa, na alivyolisoma yeye halisemi ni wanaume au wanawake. Na wenye chuo walitaka uanachama, hawakusema wa nani.

"Wasichana hapa wako sitini. Niletee kumi na mmoja kesho, na hili la Kiarabu litabaki humu ndani. Usiponiletea, Disemba sote tunahamia kule, na mie nitakwenda nawe ukasimame mbele ya hao watu mia tatu."

Jumatano, 15 Oktoba

Kuwabembeleza wasichana sitini ana kwa ana ni jambo lisilowezekana kwangu. Nimebandika karatasi kwenye mlango wa chumba chao cha kusalia, nikakimbia. Nimerudi baada ya saa moja: majina kumi. Kumbe kila Ijumaa wanakwenda Qantab kucheza mchangani na kaka zao, mwaka wa pili sasa, na hapa chuoni hakuna aliyewauliza. Mmoja anaitwa Aseel. Alipopiga shuti la kwanza nilidhani gereji wameangusha injini.

Wa kumi na moja nimemtafuta mpaka jioni. Wote wamesema hapana. Mwishowe Aseel amenionesha ile orodha ya Rabita, akaweka kidole kwenye Fulana 1, akakishusha mpaka kwenye saini. Akasema kipa hawana. Nimemwambia siwezi, mie naogopa watu. Akasema kipa ndiye mchezaji aliye mbali na watu kuliko wote.

Nikaenda kuazima glavu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mechi ya kwanza, kwenye uwanja wa kukodi wa majani ya bandia. Tumecheza na chuo cha Mastura. Mastura ndiye nahodha wao.

Tumefungwa saba kwa moja. Goli la kwanza nilikuwa natafuta pa kuweka mikono. La pili sikuliona. La tatu nililiona vizuri, nikalikwepa. Aseel alirudisha moja kutoka katikati ya uwanja, na kipa wao hakulikwepa ila kwa bahati.

Tulipokuwa tumeshafungwa saba Mastura akaja tena, yeye na mpira tu. Akapunguza mwendo. "Fulana wa kwanza, hebu sogea, unanizibia goli."

Sikusogea. Si ushujaa, miguu ilikataa. Akapiga, mpira ukanikuta tumboni, ukatoka nje, na miwani yangu ikaruka. Nikabaki nimesimama bila ya pumzi. Wasichana wa chuo chetu waliokuja kuangalia wakaanza kupiga makofi na kuimba, fulana, fulana, na wenzangu wakaja kunikumbatia kana kwamba tumeshinda.

Nimependa. Kidogo. Na hili pia naliandika hapa tu.

Jumapili, 19 Oktoba

Picha yangu, mpira ukiwa tumboni na miwani hewani, imesambaa Muscat nzima. Baba ameoneshwa na watu wa wizarani kwake, akasema ndiye mwanangu, na sauti haikuwa ya kukasirika. Dk. Muhsina anasema watu arobaini wameshaulizia nafasi, wengi wao wasichana. Wenye chuo wametupa mwaka mzima. Hatuunganishwi na mtu.

Nimeokoa nguzo. Nikaenda kukaa nyuma yake.

Nyuma ya nguzo kulikuwa na wasichana wanne wananingoja. Wameniwekea kiti katikati. Kila anayepita anasema marhaba, fulana wa kwanza. Mwalimu aliposikia vicheko akachungulia, akaniona, akaniuliza swali. Kwa jina. Tena akasubiri jibu.

Na Alhamisi ijayo tunacheza tena. Wameshachapa bango jingine. Nimo mie.

Jumatatu, 20 Oktoba

Njia nimeipata.

Tangu jana tuna kipa wa akiba, msichana mrefu wa mwaka wa kwanza asiyeogopa mtu. Kilichobaki ni mie kujitoa kwa adabu, Aseel asiudhike na Dk. Muhsina asiulize. Kwa hiyo nimeamua kuiandikia Rabita moja kwa moja kwamba kipa wa kwanza ameteleza nyumbani, kifundo cha mguu, hachezi tena. Kuteleza sijateleza, lakini ngazi ipo.

Safari hii nimekuwa makini. Sikuandika ovyo kama mara ile. Najua wao ajali huiita "hadith", nimelisikia redioni kila asubuhi garini kwa baba. Nikalikataa. Watasema nawatungia hadithi. Nikatafuta neno lisilo na mashaka, neno lao wenyewe, ambalo hata kwenye Kurani limo: "ajal", kila umma na ajal yake. Hili la kifundo nikaliacha, lisije likanichanganya. Nikaandika kifupi: kwamba Mahbuba, kipa wetu, imemfikia ajali yake. Jana, nyumbani, ghafla. Hakuumia sana. Alhamisi hatoweza kuja. Chini nikaandika katibu tu, bila ya jina.

Ustadh Salem amejibu kabla sijaifunga kompyuta. Ameanza na inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Watu wa Rabita wana huruma, kwa ajali ndogo tu! Amewaombea wazazi wangu subira, na kweli mama huhitaji subira nikiwa nyumbani kutwa. Ameuliza nyumba iko wapi, wanataka kuja watu wa timu zote, nikampa anuani. Na anasema Alhamisi, kabla ya kipenga, uwanja mzima utasimama kimya dakika moja kwa ajili yangu.

Tangu nizaliwe sijafanyiwa heshima kama hii. Nitakwenda kuangalia. Nitakaa nyuma kabisa, hakuna atakayejua kama nipo.