Njama ya Benchi la Fundi Viatu

Jumatatu, 2 Juni
Benchi limetoweka! Lile la fundi viatu, nusu ya njia kutoka kwangu hadi kwa kinyozi tunakochezea drafti. Nisipopumzika pale, magoti hayanifikishi. Fundi anadai liko kwa seremala. Nani kalipeleka? Mwalimu Mstaafu! Nilijua. Wiki jana nilimfunga mara tatu. Ubaoni haniwezi, sasa ananimaliza barabarani.

Jumanne, 3 Juni
Nimejaribu bila benchi. Mtaro wazi, pikipiki zimejaa njia ya miguu. Mji huu umepangwa na watu wasiozeeka! Nimeishia kwenye ndoo nje ya duka la simu. Muuzaji akaniuliza, babu, unataka ipi? Nikasema bado nachagua. Nikarudi. Mke wa mwanangu alishapata habari. Ana wapelelezi. Kasema nikianguka tena, sitoki peke yangu.

Jumatano, 4 Juni
Kama siwezi kuifuata drafti, drafti itanifuata. Nimefunga bandeji mguuni, nimempigia kinyozi: umevimba, njooni mchezee kwangu. Uzee dawa!

Alhamisi, 5 Juni
Wamekuja, na ubao wao. Mke wa mwanangu akawapa chai barazani, akanifungia mlango: mgonjwa alale. Saa mbili nzima nasikia kete zikigonga. Mwalimu akaja dirishani: “Pole, bwana mkubwa! Kiti chako nakipasha joto!” Nyoka.

Ijumaa, 6 Juni
Benchi limerudi, lina egemeo na mikono ya kushikia. Mke wa mwanangu anasema Mwalimu ndiye aliyemganda seremala, kwa kuwa aliniona nikihangaika kuinuka. Ati huruma! Nikarukia viatu. “Baba,” akasema, “na uvimbe?” Nikachechemea upesi. Akasema jana ulikuwa mguu wa kulia. Mwanamke huyu angefaa polisi. Lakini kacheka, kaniruhusu kesho.

Jumamosi, 7 Juni
Nimekwenda peke yangu! Nikakaa, nikaegemea. Raha. Raha kupita kiasi. Nilipofumbua macho, fundi anafunga kibanda, na Mwalimu anapita kwenda kwao, ubao kwapani, ananipungia mkono.

Sasa nimeelewa. Egemeo lile ni mtego.

Nimeshamwomba seremala msumeno. Sikumwambia wa nini.