Mhandisi Mwandamizi wa Karibu Wote

Jumatatu, 2 Juni

Fundi wetu wa programu ametuacha. Amekwenda kufuga nyuki! Miaka tisa aliutunza ule mfumo unaowapangia wagonjwa miadi katika kliniki sita za macho, kisha Ijumaa akaweka bahasha ya maneno ya siri mezani pangu, akasema nyuki hawapigi simu. Leo mfumo umepata wazimu. Kila mgonjwa anapangiwa saa mbili asubuhi. Wote! Kliniki zinatupigia simu tangu alfajiri.

Bi Mkubwa, mwenye kampuni, ametuita watu wawili. Mimi, Ofisa Utaratibu, mtunza funguo, bahasha na sukari ya ofisi. Na mtu wa hesabu, ambaye sote tunamwita Bwana Jedwali, kwa sababu hata kabla ya kuoa alimchorea mchumba wake jedwali. Bi Mkubwa amesema wahandisi waandamizi wa kujitegemea siku hizi wanapatikana kwenye masoko ya mtandaoni, ila hajui soko gani ni la kuaminika. Kila mmoja wetu achunguze kivyake, alete ripoti Jumatatu ijayo. Mwenye ripoti bora atakuwa Msimamizi wa Teknolojia na atahamia chumba cha kona.

Chumba cha kona kina dirisha. Changu kina kalenda.

Baada ya chai nilikwenda kusimama mlangoni pake. Pazia lilikuwa linapumua taratibu, kama mtu aliyelala. Nje, mapaa ya mabati, kamba ya nguo, njiwa watatu. Nilijiona nimekaa pale, kidole shavuni, nikiwaza mambo ya teknolojia. Sikujua ni mambo gani, lakini yalikuwa mazito na yalinipendeza.

Bwana Jedwali alipita na rula. Aliniuliza kama nimepotea njia.

Jumanne, 3 Juni

Masoko makubwa ni matatu. La kwanza linaitwa Mlango Mwembamba. La pili, Uwanja. La tatu, Karibu Wote. Bwana Jedwali ameshachora mistari: wanawapimaje wahandisi, mhandisi akishindwa nani anawajibika, unampata kwa siku ngapi. Mistari kumi na minne! Mchagua jembe si mkulima, nilimwambia. Akaniuliza mimi jembe langu liko wapi.

Jembe langu ni akili. Wazo lilinijia nikiwa ninakoroga chai: kwa nini nisome jinsi masoko yanavyowapima watu? Nijiandikishe mwenyewe! Niingie kama mhandisi mwandamizi, nione nani atanipokea vipi. Ripoti ya mtu aliyekuwa ndani! Jedwali atabaki nje ya uzio na rula yake.

Nimeanza na Mlango Mwembamba. Alasiri wakanikutanisha na mama mmoja mpole kwenye skrini. Aliniuliza, mteja akija na mfumo ulioharibika, ningemuuliza nini kwanza. Swali rahisi. Nikasema ningemuuliza anakunywa chai ya namna gani. Alitabasamu, akaandika kitu. Kisha akanipa programu fupi niisome kwa sauti. Nikaisoma kwa sauti, pamoja na mabano. Fungua mabano, funga mabano. Nilisoma vizuri sana, kwa hisia. Akaniuliza inafanya nini. Nikasema mtandao unakatika.

Dakika nne jumla. Barua ya kukataliwa ilifika kabla sijavua tai.

Watu wenye kiburi. Nimewapa alama mbili kati ya kumi.

Jumatano, 4 Juni

Uwanja wanataka wadhamini watatu waliofanya kazi na mimi. Nikamwandika mke wangu, mama mkwe wangu, na fundi wa nyuki. Nilidhani hawatapiga. Walipiga! Mke wangu alikuwa anakaanga vitunguu. Aliwaambia, kwa nia njema kabisa, kwamba mimi ni mume mwema, mkimya, sina makuu, na kwamba saa ya ukutani sebuleni imesimama tangu nilipoitengeneza. Mama mkwe yeye alisema hanioni vizuri, ana mtoto wa jicho macho yote mawili, lakini kwa sauti ninaonekana msomi.

Uwanja wamenikataa kwa adabu. Alama tatu.

Nilipomlalamikia mke wangu alisema angalau angeambiwa mapema cha kusema. Ana hoja. Sikumwambia kwamba anayo.

Alasiri, Karibu Wote. Jina, picha, weka alama hapa kwamba wewe ni mwandamizi. Nikaweka. Picha nilichagua ile ya harusi ya shemeji, nikamkata shemeji. Sikumaliza hata kikombe, ujumbe ukaingia: “Hongera, Mhandisi Mwandamizi!” Pembeni ya jina langu, nyota ya dhahabu.

Nilikaa nikiitazama. Jua lilikuwa linaingia kupitia tundu la kitasa cha mlango, mstari mmoja mwembamba wa mwanga na vumbi linaelea ndani yake polepole, na mimi nikaona kama vumbi lile lote linanijua. Miaka kumi na moja nimetunza sukari. Hakuna aliyewahi kuniandikia hongera. Nilijiuliza, huenda nimekuwa mhandisi siku zote, ila sikuwahi kuulizwa?

Alama kumi.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeajiriwa! Mteja wa Karibu Wote amenipa kazi ya majaribio. Mfumo wa miadi, anasema, umeharibika, unawapanga watu wote saa ileile. Amenitumia nakala tu, si mfumo wenyewe, na ameandika kwa herufi nzito kwamba mhandisi anatakiwa kugusa nakala peke yake.

Nilitembea ofisini kama mtu anayetembea juu ya pamba. Masikini mteja, niliwaza. Sisi pia tuna shida kama yake. Ajabu ya dunia.

Ilinichukua mpaka chakula cha mchana. Nikafungua nakala, nikaona majina ya kliniki sita. Zetu! Nikachungulia juu ya kizigeu. Bwana Jedwali alikuwa na karatasi yenye safu tatu, na kwenye safu ya tatu picha yangu, bega la shemeji likiwa bado linaonekana. Anatoa jaribio moja kwa kila soko! Na hakunitambua. Miaka sita tunatumia birika moja.

Hapo ndipo mpango mkubwa ulipozaliwa. Kwa nini nitengeneze nakala ya Jedwali, apate sifa yeye? Bahasha ya maneno ya siri ninayo mimi. Nitautengeneza mfumo wenyewe, leo hii, kimyakimya. Kesho kliniki zote zitaamka zimepona. Bi Mkubwa atauliza ni nani. Nitakuwa ninatazama njiwa.

Nikampigia fundi wa nyuki. Alikuwa mzingani. Sauti yake ilikuja na kuondoka, mvumo kama wa bahari ya mbali, na nilisikia hata utamu wa mahali pale, majani, moshi, maua. Nilimuuliza nifanye nini na anwani za kliniki, kitu pekee nilichokitambua nilipoufungua mfumo. Alinijibu wazi kabisa: “Ufute hizo anwani, umesikia? Ufute kabisa!”

Nikafuta. Sita zote. Skrini ikawa nyeupe, safi kama shuka lililoanikwa.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Jioni ilikuwa na rangi ya chungwa. Mama mkwe alikuwa amekaa barazani na mkoba mapajani, nguo zake nzuri zimeshapigwa pasi. Ameniambia kesho anafanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza. Miezi tisa amesubiri. Ujumbe umeingia sasa hivi, mke wangu amemsomea saa tu, saa mbili asubuhi; anwani atamwonyesha dereva wa teksi. Nilimwambia kila la heri. Nilikuwa ninawaza pazia.

Ijumaa, 6 Juni

Niandike taratibu.

Nimefika ofisini saa mbili kasoro. Ngazi zimejaa watu. Ghorofa tatu za watu! Wazee, akina mama, miwani myeusi, pamba machoni, fimbo. Hakuna kelele. Ndicho kilichonitisha. Wamesimama kimya, wameshikana mabega, nyuso zimeinuliwa kidogo, kama wanasikiliza kitu kinachokuja kutoka juu. Nilipita katikati yao nikihisi niko ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Bibi mmoja alinigusa mkono akaniuliza, je, daktari ni mimi?

Mfumo ulikosa anwani za kliniki. Katika ujumbe wa jana ukawapa wagonjwa wote anwani pekee iliyobaki. Yetu.

Bi Mkubwa alisimama juu ya ngazi, hajavua hata mkoba. Bwana Jedwali alikuwa na simu sikioni. Jana kumbe alishampata mhandisi wake kutoka Mlango Mwembamba, mwanamke mwenye sauti ya usingizi usingizi, naye kabla ya kugusa chochote akaanza kuuliza. Wagonjwa wako wapi sasa? Nani kati yao ana upasuaji leo? Madaktari wamepewa habari? Nani aligusa mara ya mwisho, na aligusa nini? Maswali! Watu wamesimama ngazini, yeye anahoji kama karani. Mimi ningekuwa nimeshafuta kitu.

Bi Mkubwa aligeuka akatuuliza sote, “Nani aliushika huu mfumo jana?”

Nilitazama dari. Kuna doa la maji pale linalofanana na bata. Nilijiambia kwamba nikimtazama bata kwa utulivu, swali litapita. Na lingepita. Lakini pale chini, kwenye ngazi ya tano, nikamwona mama mkwe wangu. Nguo zake nzuri. Mkoba. Alikuwa anapapasa ukuta kutafuta chuma cha kushikia, na chuma kiko upande wa pili, na anatabasamu ili watu wasijue kwamba amekikosa.

“Ni mimi,” nikasema. “Na yule pale ni mama mkwe wangu.”

Sauti haikuwa yangu, ilikuwa ya mtu mdogo zaidi. Bi Mkubwa hakupiga kelele. Aliniambia nishuke nikamshike mama yangu mkono, mengine baadaye.

Nilimshika. Nilileta viti vyote, mabenchi, hata makreti. Nilipika chai birika saba. Mhandisi alirudisha anwani kwa dakika ishirini baada ya kumaliza maswali yake, akatuma ujumbe kwa kila mgonjwa, akampa Jedwali orodha ya nani aende wapi kwanza. Magari yalikuja. Nilimwomba radhi mama mkwe njia nzima. Aliniambia, “Baba, nyamaza kidogo, unanitikisa.” Daktari alikubali kusubiri. Mama mkwe alifanyiwa upasuaji saa tisa.

Jioni fundi wa nyuki akapiga simu. Alisema anatumaini nilimsikia vizuri: usifute. Usifute kabisa. Ile “si” katikati ilimezwa na nyuki.

Jumamosi, 7 Juni

Daktari amefungua bandeji asubuhi. Mama mkwe alipepesa jicho. Alitazama dirisha, machozi yakamtoka kwenye jicho jipya tu. Akasema hakujua kwamba ukuta wa kliniki ni wa kijani. Kisha akamtazama mke wangu, akamshika kidevu. Mke wangu alilia mpaka nesi akaja kuuliza.

Halafu akanigeukia mimi. Alinitazama kwa muda mrefu sana.

“Kumbe mfupi,” akasema.

Tulicheka wote, hata daktari. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi kwa ile nyota. Ninaandika hapa ili nisisahau.

Jumatatu, 9 Juni

Hukumu. Bwana Jedwali amepata chumba cha kona. Ripoti yake ukurasa mmoja: Mlango Mwembamba wanakawia, ni wagumu, ila walituletea mtu aliyeuliza kabla ya kugusa. Uwanja ni wazuri kwa kazi ndogo. Karibu Wote, aliandika, wamemleta mtu ambaye hakuwasilisha jaribio na ambaye uso wake unamkumbusha mtu, hakumbuki nani.

Nilimwonyesha ni nani. Aliweka rula chini. Alicheka mpaka akakaa kwenye sakafu ya chumba chake kipya, na mimi nikakaa naye, tukatazama mapaa pamoja. Si mtu mbaya. Alisema nije kutazama siku yoyote baada ya saa tisa.

Bi Mkubwa hakunifukuza. Kumbe wagonjwa kumi na wawili wamepiga simu kusifu chai. Amechukua bahasha ya maneno ya siri, ameniachia sukari, na amenitaka niandike kwa maneno yangu mwenyewe nimejifunza nini.

Nimeandika kurasa nne. Nimeeleza kwamba kati ya masoko matatu, mawili yana roho mbaya, na moja lina jicho la kutambua vipaji. Nimependekeza tuajiri kutoka Karibu Wote pekee.

Alisoma mpaka mwisho. Akaniuliza kama ninaumwa. Swali la wivu.

Jumatano, 11 Juni

Leo hewa ni laini mno. Mawingu yanapita chini chini, kama yanataka kusikia tunachosema.

Barua kutoka Karibu Wote! Wamepitia kumbukumbu zao wakaona nimeshapewa kazi na mteja halisi, na mteja hajaleta malalamiko. Wahandisi wao wengi hawajafika mbali hivyo. Kwa hiyo, kwa uzoefu wangu, wameniomba niwe Mpimaji Mkuu wa wahandisi waandamizi wapya. Majina yao yatakuja kwangu, mimi ndiye nitakayeamua nani anafaa.

Nimekubali papo hapo. Kazi nzito, lakini nani mwingine anaijua fani hii kutoka ndani?

Asubuhi hii nimepima wahandisi arobaini na mmoja. Sikuwachosha kwa maswali. Nimetazama picha tu.

Wote wamepita. Wana nyuso nzuri sana.