Nilivyokufa Mara Tisa Mbele ya Jumuiya

Leo nimeaibika mbele ya mama yangu, mke wangu, binti yangu na watu saba wa jumuiya. Sikulewa. Sikuteleza kwenye matope. Nimeshindwa kuruka shimo kwenye TV.

Wengi wenu mnaijua habari ya gemu yangu. (Mnaijua kwa sababu nimeisimulia kila mahali, hadi harusini.) Miaka ile ya tisini, baba alipopunguzwa kazi kwenye mashamba ya ngano kule Basotu, alirudi nyumbani Gitting na godoro, baiskeli, TV ndogo na mashine ya gemu aliyoinunua Arusha. Umeme hatukuwa nao. Tulitumia betri ya gari, ikiisha nguvu inapelekwa Katesh kuchajiwa, na sisi tunasubiri siku tatu. Kaseti ilikuwa moja tu. Kuna mtu mdogo mwenye mkuki anapanda mnara wenye hatua nane, na huko juu ndege, mawe na moto vyote vinamtafuta yeye peke yake. Una roho tatu. Zikiisha, unarudi chini kabisa na kuanza upya, hata kama ulikuwa umebakiza kidogo.

Nilichokuwa nawaambia watu ni kwamba nilikufa mara nyingi zisizo na hesabu, sikukata tamaa, na mwisho nikamaliza.

Sasa, binti yangu Neema ameanguka mtihani wa kidato cha pili. Anatakiwa kurudia. Shule inafunguliwa Jumatatu na amesema haendi, kwa sababu wenzake wote wanaingia cha tatu na yeye atabaki na watoto waliokuwa wanamwita dada. Tangu matokeo yatoke anaongea maneno matatu kwa siku. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimewatia moyo watoto wa watu miaka kumi na minane. Kwa wangu nilitafuta maneno nikapata hayo hayo ya gemu. Wiki hii nimemsimulia mara nne (mke wangu anasema sita).

Leo jumuiya ilikuwa inasali kwetu. Asubuhi mama Neema akamwambia binti afanye usafi chumba cha bibi yake. Mimi nilikuwa shambani, kwenye viazi. Niliporudi nikamkuta amekaa sakafuni sebuleni, mbele ya TV yetu ya chogo, amezungukwa na nyaya. Ile mashine ilikuwa kwenye sanduku la bati la mama miaka yote hiyo, imefungwa kwenye kanga. Akanigeukia anatabasamu. Sijamwona akitabasamu tangu kabla ya Krismasi.

"Baba, inawaka."

Mngeniona mngedhani nimeletewa taarifa ya msiba. Nikasema nyaya za zamani zinaunguza TV. Nikasema wageni wako njiani. Wageni walikuwa tayari mlangoni wanavua viatu.

Tulisali. Sikusikia somo. Chai ilipokwisha kunywewa, Neema akasimama, akawaamkia wazee shikamoo kwa mara ya pili, akawaambia kwamba baba yake ataonyesha alivyoimaliza gemu iliyowashinda wote wa zamani. Watu walifurahi. Mwenyekiti wetu, Mzee Yohana, mtu wa Singida aliyehamia huku akaoa, akanivutia kiti hadi mbele ya TV.

Nikaanza. Shimo la kwanza liko karibu kabisa na mlango wa mnara. Nikaingia humo.

Nikasema vidole vimepoa. (Gitting ni baridi, hilo si uongo.) Roho ya pili ikachukuliwa na ndege. Ya tatu, shimo lile lile. Nikasema pedi ya kuchezea imekaa muda mrefu, nikaipuliza, nikaanza upya. Nikafa tena tatu. Mama mmoja nyuma yangu akaanza kuniombea kwa sauti ya chini, na nadhani alimaanisha. Nikaanza mara ya tatu. Kwa jumla nimekufa mara tisa, na sikutoka hatua ya kwanza.

Neema akaniuliza, kwa upole kabisa, mwisho wa gemu ulikuwaje. Nikasema kule juu kuna joka kubwa. Akauliza la rangi gani. Nikasema kijani. Hapo mke wangu akasema, huku anakusanya vikombe, kwamba siku zote nimewaambia TV ile haikuwa na rangi.

Mama yangu alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Akasema jambo kwa Kiiraqw, nami nikamshukuru Mungu kwamba Mzee Yohana hajajifunza lugha yetu. Mama akamtazama Mzee Yohana, akaona hajaelewa, akarudia lote kwa Kiswahili.

"Paulo, hukumaliza. Ulimdanganya baba yako, mimi nikanyamaza kwa sababu alikuwa anaumwa. Huyu mtoto haumwi."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Ni kweli. Nilifika hatua ya nne, basi. Baba alikuwa amelala chumba cha pili, na kila jioni aliniuliza nimefika wapi, maana hakuwa na kitu kingine cha kuuliza. Kazi imekwisha, mwili nao umemwacha. Jioni moja hakuweza hata kugeuka kitandani. Akaniuliza. Nikamwambia nimemaliza. Akataka nimsimulie, nikamtungia joka pale pale. Alifurahi kama mtu aliyerudishwa kazini. Tulimzika wiki iliyofuata, na msibani watu wote wakawa wananishika kichwa wakisema nilimpa mzee furaha yake ya mwisho. Sikuigusa tena ile pedi. Na maneno yangu nisingeweza kuyarudisha, ningemwambia nani?

Wageni waliondoka mapema. Mzee Yohana alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema pole, kama tumefiwa leo.

Neema nimemkuta nyuma ya jiko anamenya viazi. Nikakaa kwenye ndoo. Nikasubiri anikasirikie, hakunikasirikia, akaendelea kumenya.

"Kwa hiyo hakuna aliyemaliza?"

Nikamwambia hakuna ninayemjua.

"Sasa kwa nini ulikuwa unaniambia nirudie?"

Mwalimu wa miaka kumi na minane. Nikamwambia sikuwa na kitu kingine cha kumwambia. Nikamwambia pia naogopa. Nikamwambia kwamba mimi niliacha hatua ya nne, na tangu siku ile sijui kama ningefika ya tano, na kutojua huko hakujawahi kunitoka. Hayo sikuwahi kumwambia mtu, hata mama yake.

Akamenya hadi sufuria ikajaa. Kisha akaniambia nisogee, nimekalia ndoo ya maji ya kuoshea viazi, na suruali yangu imelowa.

Kuhusu Jumatatu hajasema kitu. Sare ameifua mwenyewe, iko kwenye kamba. Lakini ukungu umeshuka mlimani tangu saa tisa, na kwa ukungu huu hata leso haikauki. Nimetoka kuishika mara tatu. Mama ameniona mara zote tatu.

Naombeni msicheke. Na kama kuna mmoja wenu aliyewahi kuimaliza kweli, aje Gitting kabla ya Jumatatu. Aje na shahidi.