Injinia Cheche na Mlango Uliogoma

Injinia Cheche hakusomea uinjinia popote, ila kofia ngumu ya manjano alikuwa nayo, na kwa watu wengi hiyo ndiyo shahada. Wiki iliyopita polisi walimwachia kwa onyo la mwisho: akikamatwa tena, ni jela moja kwa moja. Naye aliapa kuacha utapeli. Kiapo kilidumu hadi alipomwona bwana mmoja, taulo shingoni, akibonyeza rimoti kwa hasira mbele ya mlango wa gereji.

"Umegoma, bosi?"

"Umegoma, fundi! Gari liko ndani, nina safari, nimechelewa!"

Mwenye haraka haulizi bei. Cheche nusura amkumbatie.

Waliingia kwa mlango wa pembeni. Cheche akatazama darini, akaona ugonjwa wote: plagi ya mota ilikuwa imechomoka nusu kwenye soketi. Akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa.

"Kadi ya mota imeungua. Bahati yako ninayo mpya. Ila ingia ndani ukae saa nzima, usichungulie. Umeme huu haumjui mwenye nyumba."

Ndiyo ilikuwa kanuni yake: mteja asione kidole, asikie nyundo. Alipanda ngazi, akasukuma plagi, akashuka, akaketi juu ya tairi kuukuu akigonga bomba na kuguna kwa uchungu. Huko ndani makabati yalifunguliwa, vitu vikaburutwa. Maskini, anafungasha, aliwaza Cheche.

Saa ilipotimia, bwana alitoka na mabegi sita, akayapakia garini. Rimoti ikabonyezwa, mlango ukapanda.

"Fundi, wewe kiboko! Taslimu sina. Beba ile televisheni ya sebuleni, nimeshaichomoa."

Cheche alisitasita kidogo, kwa adabu tu. Gari likatoka, likapiga honi, likapotea.

Alikuwa uani ameikumbatia televisheni aliposikia sauti ya mwanamke.

"Wewe kaka, televisheni yangu unaipeleka wapi? Na gari langu liko wapi?"

Mwenye nyumba alisimama getini, na mzee jirani pembeni yake. Cheche aliitua televisheni chini haraka.

"Dada, mimi nimesukuma plagi tu! Kwa kidole! Kazi ya dakika moja, naapa!"

"Dakika moja?" mzee alifoka. "Nyundo nimeisikia saa nzima! Ulikuwa unavunja nini?"

Kwa mara ya kwanza maishani Cheche alisema ukweli mtupu kuhusu umeme. Hakuna aliyemwamini, na polisi walipofika walimsalimia kwa jina.