Seva Inayonisikia Mimi Tu

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya heshima! Ijumaa Mkurugenzi atazima seva yangu ya maabara na kuiwasha mbele ya wafanyakazi wote. Programu ya majibu ya wagonjwa ikiamka yenyewe, fundi wake anakuwa mkuu wa kitengo. Nimeshampigia mama mkwe kumwambia cheo nimepata. Kusubiri Ijumaa ni kwa wasiojiamini.

Jumanne, 4 Machi
Nimejaribu kuizima na kuiwasha. Seva imeamka, programu imelala. Nikaiamsha kwa mkono, kama ninavyofanya kila asubuhi tangu Desemba. Hakuna anayejua! Fundi mwenzangu, tunayemwita Daftari kwa kuandika kila kitu, aliuliza kama nimesoma rekodi za seva tangu mstari wa kwanza. Nikamjibu kwamba daktari bingwa hamuulizi mgonjwa alizaliwa wapi. Akaliandika na hilo.

Jumatano, 5 Machi
Chumba cha seva kimetengwa: hakuna mtandao, simu zinabaki kwa mlinzi. Kuandika ni kazi ya makarani, kwa hiyo kosa lililoandikwa kwenye skrini nililikariri ili nikalitafute nje kwenye simu. Mlangoni mlinzi akaniuliza habari za nyumbani. Likanitoka lote! Safari ya nne nilipita nimeziba masikio. Mlinzi kanuna. Simu nayo inasema kosa kama hilo halijawahi kutokea duniani. Nadhani nililikariri kinyumenyume.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata dawa! Nitajibanza nyuma ya kabati la seva nikiwa na kibodi. Mkurugenzi akiwasha, mimi naamsha. Nimefanya mazoezi. Natosha, nikikunja shingo.

Ijumaa, 7 Machi
Mkurugenzi kawasha, nikaamsha, watu wakapiga makofi. Kifua kikanijaa fahari. Kikanijaa mno, nikakwama! Walinivuta watatu. Mkurugenzi akauliza nilikuwa nafanya nini huko. Nikasema naisindikiza.
Daftari akafungua daftari. Programu inasubiri ipewe saa kutoka mtandaoni ndipo iamke, na humu mtandao haumo. Itasubiri mpaka kiama. Mstari unaoiagiza hivyo uliingia Desemba, umenakiliwa kutoka seva ya nje, yenye mtandao. Nani kaunakili? Nikatazama dari. Daftari akaufuta, akazima, akawasha. Ikaamka yenyewe. Mkuu wa kitengo ni yeye. Iliniuma, sitaki kusema uongo.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe kaja na suti mpya ya bosi. Nikaivaa. Nikamweleza kwamba cheo nimemwachia mwenzangu ajifunze madaraka. Akasema, "Mwanangu, una roho nzuri wewe!" Nikalengwalengwa na machozi. Kweli ninayo.

Jumatatu, 10 Machi
Imeletwa seva ya pili! Daftari kanikabidhi niiandae, ila nisome kwanza maelezo yake. Mimi, nisome? Nimenakili kila kitu kutoka seva ya nje, bila kuacha mstari, dakika mbili tu. Programu haijaamka yenyewe. Si neno. Nimelipima kabati lake: nyuma ya hili pana nafasi zaidi, hata na suti natosha.